Miguu Juu ya Mlango

Huku kwetu mayai huteremka. Kina mama wanayatoa kwenye nyumba zao za vilimani, wanayafunga kwa majani makavu ya mahindi, wanayaleta Dongobesh siku ya mnada, na mimi nayanunua. Mengine yanakwenda Haydom na gari la asubuhi, mengine yanaishia kwenye chipsi za stendi. Tangu nizaliwe nyuma ya duka hili sijawahi kuona yai likipanda kurudi kijijini, isipokuwa mayai ya mama Ludovika.

Alikuwa akija mwisho wa siku, vitunguu saumu vyake vikiwa vimekwisha na dukani watu wamepungua. Ataulizia chumvi, ataulizia sabuni, atazisifia kanga ambazo hana nia ya kuzinunua, halafu atasogea karibu na meza na kusema kwa sauti ya chini, "Na yale, Raya." Yale ni mayai. Aliyachagua moja moja, akiyainua kwenye mwanga wa mlango, na asipoona kasoro anaitafuta. Kisha aliyapanga chini kabisa ya kikapu, juu yake kanga kuukuu, juu ya kanga chumvi, juu ya chumvi sabuni, na juu ya vyote fungu la mboga ambalo hata mbuzi asingelitamani. Nilipokuwa msichana nikimsaidia marehemu baba, nilimwambia baba kwamba yule mama nadhani ni mwizi. Baba alinipiga kofi la mdomo. Nilistahili, ingawa halikunifundisha kitu. Mdomo wangu uko vile vile hadi leo.

Ukweli nilikuja kuujua polepole, kidogo kutoka kwake na kidogo kutoka kwa wanaonunua sukari na kuongeza maneno ya bure. Mama Ludovika hakuwa na kuku. Mwanamke mwenye ng'ombe zizini, mwenye shamba zuri la vitunguu saumu, mwenye wajukuu wanaosoma Babati, hakuwa na hata kifaranga. Si kwamba hakuwataka. Alikatazwa.

Alipoolewa na mzee Sulle, miaka ya sabini mwanzoni, alitoka kwao na kuku jike mmoja mwekundu, zawadi ya mama yake mzazi. Haikupita miezi mingi kuku wa akina Sulle wakaanza kuburuta miguu, mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, wakakonda, wakafa. Wakafuata wa majirani. Mectilda, dada mkubwa wa Sulle, akasema mbele za watu kwamba ugonjwa umekuja ndani ya tenga la bibi harusi. Akamkamata yule kuku mwekundu, akamchinja, akamtupa korongoni. Kuanzia hapo ikasemwa kwamba Ludovika hana mkono wa kuku: asiwaguse, asiwalishe, asiokote hata yai.

Mama mkwe alikufa, watoto walizaliwa wakakua wakaondoka, Mectilda akafiwa na mumewe akarudi kwao na kuku wake, na katazo likabaki pale pale. Mayai ya Mectilda yalikuwepo nyumbani, lakini Ludovika alikuwa radhi kula ugali kwa chumvi maisha yake yote kuliko kumwomba wifi yake yai la mjukuu. Ndiyo maana alikuja kwangu, na ndiyo maana aliyaficha. Mwanamke anayepanda kilima na mayai ya kununua anaonekana toka mbali kwamba kwake kuna jambo.

Nilikuwa nikikasirika kwa niaba yake. Hasira zangu haziko mbali, mume wangu anajua. Mara nyingi nilimwambia afuge tu, nani atamfanya nini, mama mkwe kaburini na Mectilda meno yamekwisha. Kila mara alinijibu neno moja: na wakifa tena? Ilinichukua miaka kuelewa kwamba aliyekuwa akimwogopa si Mectilda. Akifuga, wakafa, basi itakuwa ni kweli. Alikuwa ameambiwa jambo hilo kwa muda mrefu hata yeye mwenyewe ameanza kuliamini, na hapo ndipo aliponitia uchungu zaidi.

Mwaka juzi nikapata mpangaji. Nina vyumba viwili nyuma ya duka, napangisha walimu na maofisa wanaosubiri nyumba za serikali. Huyu alikuwa daktari wa mifugo kutoka Morogoro, Tawakali, dada mwembamba mwenye miwani, anayekula chapati zangu bila aibu, jambo lililonifanya nimpende siku hiyo hiyo. Alikuwa na wenzake wakichimba Hirbadaw, upande wa Hanang, kwenye mabaki ya makazi ya watu wa kale. Wenzake walikuwa wakitafuta vyungu. Yeye alikuwa akitafuta mifupa ya kuku.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mifupa ya kuku ipo nyuma ya kila hoteli ya Dongobesh, ana haja gani ya kuchimba. Alinivumilia, akanieleza huku anatafuna. Kuna ugonjwa wa kuku unaitwa mahepe. Kirusi chake kinazunguka na damu mpaka ndani ya mfupa, na kuku akishakufa, vipande vya vinasaba vya kirusi vinaweza kubaki vimekwama mle ndani hata miaka mia kadhaa, wakati virusi vya kideri, ule ugonjwa mwingine wa kuku, vinapotea upesi. Ukipata mfupa mzuri ukausaga kidogo, unasoma kirusi cha zamani kilivyokuwa, unakilinganisha na cha leo. Wataalamu wa nchi nyingine walishaona kwamba zamani mahepe ilikuwa pole, kuku waliishi nayo bila shida. Ukali ulikuja juzi juzi, kuku walipoanza kufugwa maelfu kwenye banda moja. Alitaka kujua huku kwetu ukali uliingia lini, kwa njia gani.

Shida ni kwamba mifupa ya Hirbadaw ilikuwa imeliwa na jua na mvua, haikutoa kitu. Alirudi jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akala chapati mbili badala ya nne, akanieleza tena jinsi kuku wa mahepe anavyolala, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilikuwa nikimmiminia chai. Nikaliweka birika chini.

Nikamwambia ipo nyumba moja huku vilimani ambayo haina haja ya kuchimbwa.

Katika ukoo wa mzee Sulle, na sijaiona desturi hii kwingine, jogoo wa nyumba haliwi. Wanasema aliyewaamsha hawezi kuingia kwenye sufuria yao. Akifa anazikwa, lakini mguu mmoja unakatwa, unafungwa kwa kamba ya gome, unachomekwa kwenye boriti juu ya mlango wa jiko, unakaushwa na moshi. Jogoo anayefuata, mguu wake unakaa kulia kwa uliotangulia. Familia ikihama, miguu inahama kwa mpangilio ule ule. Ilitoka kwenye tembe la babu ikaenda kwenye tembe la baba wakati wa kuhamia vijijini, na mzee Sulle alipojenga nyumba ya bati, aliliacha jiko la zamani lenye paa la udongo likisimama kwa ajili ya miguu tu. Wageni wanadhani ni ushirikina. Mimi nadhani ni adabu, maana si kila mtu anamshukuru anayemwamsha.

Tawakali aliuliza kama iko kwa mpangilio kweli. Nilimwambia kama watoto wa shule mstarini. Chapati ilibaki mkononi mwake mpaka ikapoa.

Tulipanda Jumamosi iliyofuata kwa bodaboda, upepo wa Juni ukitupiga usoni. Mzee Sulle alitupokea vizuri, akaitikia shikamoo zetu kwa mikono yote miwili, mama Ludovika akatuletea maziwa ya mgando. Mzee Sulle ni mtu mpole wa maneno machache. Watu wanamsifia kwa hilo. Mimi siku zote niliona ni kasoro, maana katika miaka yote ambayo dada yake alimsema mkewe, sikusikia kwamba aliwahi kufungua mdomo.

Siku ile aliufungua. Alisimama chini ya boriti, akanyoosha fimbo, akatutajia majogoo wake. Huyu wa nzige. Huyu wa njaa ya wakati wa babu. Huyu wa uhuru. Huyu aliyemng'oa jicho mbwa wa jirani. Alipofika kwenye mguu mmoja mnene kuliko yote, wa rangi hafifu, wenye ule mwiba wa nyuma mrefu kama kidole changu, hata sauti yake ilibadilika.

Huyu ndiye mweupe, alisema. Mwaka kuku wote walipokufa, huyu hakuugua hata siku moja. Uwanja ulikuwa mtupu, yeye anawika peke yake asubuhi kama hakuna kilichotokea, na akaendelea kuwika miaka mingi, hadi akafa kwa uzee. Nyumba nzima iliuheshimu mguu ule. Mectilda alikuwa akiupaka samli kila Krismasi.

Nilimtazama mama Ludovika. Alikuwa amesimama kando ya mafiga na vikombe mkononi, macho chini, kama afanyavyo kila hadithi hiyo inapopita. Nilisikia hasira zikinipanda mpaka masikioni.

Tawakali alipoomba kuitoboa miguu kidogo, Mectilda alikataa. Ana karibu miaka themanini na anasimama wima kuliko mimi, na sauti yake inafika ng'ambo ya korongo. Alisema miguu ile inalinda mlango, ikitobolewa nani atalinda. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, na lilikuwa jibu zuri, lakini Tawakali alinikanyaga. Kisha akapiga goti mbele ya bibi, akamweleza taratibu kwamba hakuna mguu utakaoondoka pale, kwamba atatoboa tundu la ukubwa wa punje ya ulezi, na kwamba angependa bibi mwenyewe asimame pale kusimamia, kwa sababu yeye ndiye anayeijua miguu hiyo. Hapo Mectilda akalainika. Isipokuwa, Tawakali akaongeza, pumzi ya mtu inaharibu kazi, kwa hiyo kila anayesimama karibu lazima afunge barakoa na asiongee.

Basi Mectilda alisimama alasiri nzima amefungwa mdomo, anasimamia kimya. Mama Ludovika alipita karibu yangu na ndoo ya maji. "Miaka yote hii," akaninong'oneza, "sikujua kwamba dawa yake ni kitambaa." Ilinibidi niende kucheka nyuma ya zizi.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka aliniita upande wa pili wa nyumba, mahali anapoanikia vitunguu. Alikuwa ameshika tambara. Akalifungua. Ndani yake mlikuwa na manyoya machache ya bawa, mekundu yaliyofifia. Siku ile Mectilda alipomtupa kuku wake, Ludovika aliteremka korongoni akayachukua, akayafunga, akayaweka kwenye sanduku pamoja na sketi ya ngozi aliyopewa na bibi yake. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mimi niliyemuuzia mayai maisha yangu yote. Aliuliza kama daktari anaweza kumsoma na huyu.

Nikamwita Tawakali. Alipoyaona manyoya, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Alisema kirusi cha mahepe kinatokea kwenye shina la unyoya, ndiyo njia yake ya kutoka kwa kuku mmoja hadi mwingine. Kama kuku huyu alikuwa nacho, kuna uwezekano mkubwa kikaonekana pale.

Mama Ludovika akaufunga mkono wake.

"Na kama ni yeye?" alisema. Hakuwa akimuuliza daktari, alikuwa akiniuliza mimi.

Niliogopa kweli. Jambo hili nililipandisha kilimani mimi mwenyewe, kwa kiherehere changu, nikidhani namsaidia, na sasa niliona kwamba jibu baya lingemnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho. Kwa sasa angalau hakuwa na uhakika. Kuna watu wanaishi vizuri tu kwa kutokuwa na uhakika. Nilitaka kumwambia ayarudishe sandukuni tuendelee na mayai yetu.

Alitazama vitunguu vyake. Halafu akachagua unyoya mmoja, akaunusa, akampa Tawakali.

"Chukua. Nimechoka kutojua."

Tukasubiri. Ule unga wa mifupa ulikwenda Morogoro na kutoka hapo sijui wapi, na mimi nikampigia Tawakali simu mpaka akaanza kuipokea kwa kuhema. Kila mara jibu lilikuwa bado. Nilimwambia kuku anaatamia siku ishirini na moja na analeta kitu, wao miezi hii yote wanaatamia nini. Alicheka tu. Mama Ludovika yeye hakuuliza hata mara moja. Alikuja kila mnada, akanunua mayai yake, akayafukia chini ya chumvi. Ila nilimwona akikitupia jicho kile chumba cha nyuma, kama kina mtu.

Masika yalipita, vitunguu vikavunwa, na ndipo Tawakali akaja mwenyewe bila kupiga simu. Ilikuwa siku ya mnada na mama Ludovika alikuwa bado hajashuka. Nilifunga duka saa nne asubuhi. Watu wakaja kuuliza nani amefariki.

Alikataa kuniambia kitu njiani. Alisema miguu ina wenyewe. Tulikuta wote wapo, tukakaa uwanjani juani, mzee Sulle kwenye kigoda chake, Mectilda kwenye ngozi, mama Ludovika mbali kidogo, amekaa kwenye kizingiti cha jiko, chini kabisa ya miguu yenyewe. Alikuwa ameishika mikono yake kwa nguvu. Nilikaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikamshika bega.

Tawakali alianza na ile ya zamani. Miguu kadhaa haikutoa kitu. Lakini mguu wa jogoo wa njaa ulikuwa na kirusi cha mahepe, na wa jogoo wa uhuru pia. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo katika nyumba hii kabla mama Ludovika hajaolewa, labda kabla hajazaliwa. Mectilda akainua kichwa. Tawakali akamwahi. Kirusi hicho, alisema, kilikuwa kile cha kale, kipole. Kiliishi na kuku bila kuwadhuru. Kilichowaua kuku mwaka ule ni kingine, chenye mabadiliko ambayo huku yalikuwa bado mageni, na yanafanana sana na ya kuku wa mashamba makubwa ya wakati ule. Alikikuta kwenye miguu yote iliyofuata, hadi wa mwisho kwenye mstari.

Mectilda aliuliza kimeanzia mguu upi. Nadhani alikuwa bado na matumaini.

"Wa mweupe," Tawakali akasema. "Sikuja kuhukumu kuku wa mtu, bibi. Siwezi kuapa kwamba yeye ndiye aliyekileta. Nasema tu kwamba katika miguu hii yote, wa kwanza kuwa na kirusi kikali ni yeye, na alikuwa nacho kingi. Kuku wa mashamba yale wengine walikuwa wameshakizoea. Wanakibeba, wanakimwaga kwa wenzao, wenyewe hawaanguki."

Jogoo wa sasa alipita katikati yetu anatafuta punje, hana habari.

"Na unyoya?" Ilikuwa sauti ya mama Ludovika. Mzee Sulle akageuka kumtazama mkewe, maana hakujua habari ya unyoya wowote.

"Msafi," Tawakali akasema. "Tuliusoma mara tatu. Kuku wako hakuwa na kitu, mama."

Nilihisi bega lake likishuka chini ya mkono wangu. Hakulia. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine. Mimi ndiye niliyelia, na sioni aibu kusema.

Mzee Sulle alikaa anachora udongo kwa fimbo. Kisha akasema, polepole, kwa ile sauti ambayo nilikuwa nimeisubiri tangu nikiwa msichana, "Yule jogoo nilimnunua mimi. Mnada wa Katesh, wiki ya harusi. Alikuwa kwenye lori la mtu aliyetoka mashambani. Nilitaka asubuhi yako ya kwanza hapa usikie sauti ambayo kwenu haipo."

Alikuwa akimwambia mkewe, si sisi. Nilijiandaa kwa hasira za mama Ludovika, na kwa kweli nilimwombea azipate, kwa sababu mimi ningezipata. Miaka hamsini na kitu, mwanaume ana jogoo wake juu ya mlango anapakwa samli, na mke anaficha mayai chini ya chumvi.

"Nilimsikia," mama Ludovika akasema.

Tu. Lakini alikuwa akimtazama mumewe, na uso wake ulikuwa wa msichana. Sikujua nitazame wapi, nikatazama ng'ombe.

Mectilda akasimama, akaondoka, akaingia kwenye banda lake la kuku. Nilidhani amekwenda kununa. Tulimsikia akisukumana na kitu mle ndani, kuku wakilalamika. Alipotoka alikuwa na tenga mikononi, na ndani ya tenga kuku jike mwekundu juu ya mayai anayoyaatamia, amevimba kwa hasira. Alilileta mpaka kwenye kizingiti. Akaliweka mapajani mwa wifi yake.

"Wako nilimchinja mimi," akasema. "Huyu ni wako."

Nimemsema sana Mectilda katika maisha yangu, na nitaendelea kumsema, lakini pale aliniziba mdomo bila barakoa. Mama Ludovika hakujua amshikeje yule kuku. Mikono yake ilikuwa imesahau. Kuku alimdonoa, akamkwepa, akacheka, na mzee Sulle akainuka kwenye kigoda chake, akapiga magoti palepale, akamwonyesha pa kuweka kiganja, chini ya kifua, ambapo hutulia.

Mectilda alitaka mguu wa mweupe uteremshwe utupwe korongoni. Alishachukua fimbo. Mama Ludovika alisema hapana, aachwe mahali pake. Aliwika vizuri, na hakujua alichobeba. Akaomba tu unyoya mmoja mwekundu uchomekwe pembeni yake. Mzee Sulle aliuchomeka mwenyewe. Kwa hiyo sasa kuna jike mmoja katika ule mstari wa majogoo, na ukoo haujaanguka.

Tawakali alirudi vifaranga walipokuwa karibu kuanguliwa, na kiboksi cha baridi chenye chanjo, maana kile kirusi kikali bado kipo na hakijali nani kasamehewa. Alimfundisha mama Ludovika kuchanja vifaranga siku ile ile wanayotoka. Mectilda alisimama nyuma akitoa amri. Baadhi walikufa, kama vifaranga wafavyo, na mama Ludovika alinipigia simu ya kwanza maishani mwake kuniambia kwamba wamekufa kidogo tu, na kwamba amelala usingizi.

Kisha akaacha kuja. Minada ikapita, nikawa namwekea mayai yake pembeni kwa mazoea, nikiyauza jioni kwa watu wa chipsi.

Alikuja wiki iliyopita, si jioni, asubuhi, duka limejaa. Nilimwona kwanza barabarani kwa mbali. Alikuwa anatembea kwa miguu, ingawa bodaboda zilikuwa zikisimama kumwita. Kikapu hakuwa nacho. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukunjua mbele yake, na kila aliyekutana naye alisimama, wakasalimiana, akamwonyesha kilichomo kiganjani, wakaongea, akaendelea. Kwa mwendo ule alichukua nusu saa kutoka kona ya kanisa hadi mlangoni kwangu. Nilisikia aibu kwa ajili ya wateja waliokuwa wakinisubiri niwapimie sukari, lakini macho yangu hayakutoka njiani.

Aliingia, watu wakampisha. Nilimwamkia. Akaitikia, akauweka mkono juu ya meza, na katikati ya kiganja lilikuwepo yai moja la rangi ya chai ya maziwa.

Nilimuuliza kama analiuza.

"Hili si la kuuza," akasema, na hakupunguza sauti. "Yako nimeyabeba miaka mingi kutoka hapa kwenda nyumbani. Nilitaka nami nibebe moja kutoka nyumbani kuja hapa."

Nililichukua. Lilikuwa na joto la mkono wake. Nikaliinua kwenye mwanga wa mlango kama alivyokuwa akifanya yeye, nikalizungusha, nikatafuta kasoro mbele ya wateja wote, na sikuiona.